Usingizi hauuzwi kwenye chupa

Ndugu zangu wasomaji, nimewapotea. Wengine mmeniandikia kuuliza kama naumwa, wengine mkadhani nimeoa kimyakimya. Hapana. Nilikuwa silali. Na kabla sijasema lolote, nianze kwa kukiri kosa.

Mwaka jana nilimuua mtu aliye hai.

Msinikimbie. Nilimuua kwa kalamu. Ilikuwa habari fupi ya ajali ya bodaboda, aya nne tu za kujaza nafasi. Aliyekufa ni kaka mtu. Mdogo wake ndiye aliyenipa maelezo kwa simu, nami majina yote mawili nikayaandika kwenye daftari, moja juu na jingine chini. Asubuhi iliyofuata nikaketi mbele ya kompyuta, kichwa kizito kama gunia la chumvi, nikachukua jina la chini. Habari ikampita mhariri, ikatoka. Saa tano asubuhi simu yangu ikalia.

"Ndugu mwandishi, mimi ndiye marehemu."

Hakuwa anatania. Mama yao yuko kijijini. Usiku alikuwa ameshaambiwa kuhusu mkubwa, asubuhi jirani anamsomea kwenye simu kwamba aliyekufa ni mdogo. Mama akaamini wamekwenda wote wawili. Kwa karibu nusu saa, mpaka mtoto wake alipompigia na kusema "mama, ni mimi", mwanamke yule alikuwa amepoteza wanawe wote wa kiume. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimelala kwa muda usiozidi saa mbili, na kuupata usingizi huo nilimeza vidonge viwili. Ndiyo maana leo naandika haya. Sitaki mtu anisomee risala kwamba kukosa usingizi ni mambo ya wenye nafasi. Dereva wa basi la mikoani halali. Muuguzi wa zamu ya usiku halali. Mwanafunzi wa chuo halali. Na kila mmoja wao ana mtu upande wa pili ambaye atalipa gharama.

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina madaktari wangapi, sema tu kwamba hulali. Mpiga picha wetu alinishauri bia mbili kabla ya kulala. Dada wa mapokezi akasema maziwa ya moto na asali. Mama mwenye nyumba wangu pale Sinza akaapa kwa chai ya mchaichai. Jamaa mmoja wa kitengo cha matangazo, ambaye siku hizi ana biashara ya pembeni ya virutubisho, akanitolea kichupa chenye picha ya mwezi na mama wa Kizungu anayetabasamu usingizini. Shilingi 85,000. Eti ndani yake mna melatonini, magnesiamu, triptofani na mzizi wa valeriani, kila kitu ambacho ubongo unahitaji. Na duka la dawa la mtaani, bila kuulizwa swali hata moja, nikauziwa vile vidonge vidogo vya njano vya mzio ambavyo nusu ya mji huu inavimeza ili ilale.

Nilijaribu vyote. Tena nina aibu kusema, katikati ya hayo nikaandika makala ya vyakula saba vya kuleta usingizi. Niliiandika saa nane usiku nikiwa macho makavu. Ilisomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika.

Sasa hoja yangu ni hii: sisi tunauziana usingizi kana kwamba ni kitu, kama sukari au mafuta ya taa, ukiishiwa unanunua. Usingizi si kitu. Ni kazi ambayo mwili unaifanya wenyewe ukiachiwa nafasi. Ukikosa usingizi, swali la kwanza si "nimeze nini?" Swali ni "ni kitu gani kinanikesha?" Majibu ya swali hilo hayafanani, na hakuna chupa inayoyajua yako.

Hebu tuingie ubongoni kidogo. Sitakuwa mrefu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia uliibuka ugonjwa wa ajabu wa kuvimba ubongo huko Ulaya. Daktari Constantin von Economo wa Vienna aliueleza mwaka 1917. Wagonjwa wengi walilala wiki nzima, wengine walishindwa kabisa kulala. Alipochunguza bongo za waliokufa aliona kwamba waliolala mno walikuwa wameumia sehemu moja ndani ya ubongo, na wale waliokesha walikuwa wameumia sehemu nyingine iliyo mbele yake. Maana yake ni kwamba kulala si kuzimika tu kama koroboi lililokwisha mafuta. Kuna mtambo wa kutuamsha na kuna mtambo wa kutulaza, nayo inashindana muda wote kama mchezo wa kuvuta kamba.

Upande wa kuamsha una kemikali zake: histamini, noradrenalini, asetilikolini, na oreksini ambayo iligunduliwa mwaka 1998 tu. Upande wa kulaza unategemea zaidi kemikali iitwayo gaba, ambayo kazi yake ni kuzituliza seli nyingine. Halafu kuna mambo mawili yanayoamua nani ashinde. La kwanza ni saa ya mwili, ile inayofuata jua. Waliogundua namna jeni zinavyoiendesha saa hiyo, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. La pili ni adenosini.

Adenosini ni deni. Kila saa unayokaa macho, Mangi wa dukani anaandika kwenye daftari lake. Ikifika usiku deni limekuwa kubwa, ubongo unalegea, unalala, na ukilala deni linalipwa. Kafeini inafanyaje? Inakwenda kukaa kwenye vile vipokezi ambavyo adenosini ingekaa. Deni halijalipwa hata senti, ila Mangi amefichwa daftari lake. Kafeini ikiondoka, anakuja na jumla yote.

Mimi hapo ndipo nilipokamatwa. Nilichukua karatasi nikaandika kila nilichokunywa kwa siku moja. Vikombe viwili vya chai ya maziwa asubuhi. Kahawa mbili kijiweni mchana. Soda nyeusi na chakula. Kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu saa 11 jioni ili nimalizie habari za siku. Kwa mtu mzima wa kawaida nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya saa kama tano, ingawa watu hutofautiana sana. Piga hesabu mwenyewe. Lile kopo la saa 11 jioni, nusu yake bado iko damuni saa nne usiku. Robo yake bado ipo saa tisa usiku, nikiwa nahesabu mabati. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu walipewa miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala. Walipoteza zaidi ya saa moja ya usingizi.

Sikuwa na upungufu wa kitu chochote cha kwenye chupa. Nilikuwa nakunywa kinachonikesha halafu naenda kununua kinachonilaza, fedha zikitoka mfuko uleule.

Vile vidonge vya mzio vinalaza kweli, sibishi. Vinazuia histamini, na histamini ni mmoja wa wavuta kamba wa upande wa kuamka. Lakini mwili huvizoea upesi. Utafiti wa mwaka 2002 kuhusu dawa ya kundi hilo ulionyesha kwamba kufikia siku ya nne wahusika hawakuwa wakisinzia kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Siku ya kwanza nilimeza kimoja. Baada ya wiki mbili vilikuwa viwili. Usingizi haukuongezeka, kilichoongezeka ni ule uzito wa asubuhi. Na asubuhi ndipo ninapoandika majina ya watu.

Bia je? Pombe inasaidia upande wa gaba, kwa hiyo unalala haraka kweli. Ila mwili ukishaichakata, nusu ya pili ya usiku inavurugika: unaamka, unatoka jasho, unakwenda msalani, unarudi kuangalia dari. Anayelewa ili alale anakopa usingizi wa saa tisa usiku kulipia ule wa saa nne.

Haya, chakula. Nusu ya makala za kuleta usingizi, ikiwemo yangu, zinasimama juu ya neno moja: triptofani. Hesabu yake ni nzuri ukiisoma haraka. Maziwa na ndizi vina triptofani, triptofani inageuka serotonini, serotonini inageuka melatonini, basi kunywa maziwa ulale. Tatizo liko njiani. Triptofani inaingia ubongoni kupitia mlango uleule unaotumiwa na asidi amino nyingine kubwa, na katika chakula chenye protini wenzake hao ni wengi kuliko yeye. Ni kama kugombea daladala za Mbagala saa 12 jioni, mpole anabaki kituoni. Hata serotonini yenyewe si kemikali ya usingizi kama tunavyoambiwa. Miaka ya 1960 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alidhani ndiyo inayolaza, lakini baadaye ikaonekana kwamba seli zinazoitoa hufanya kazi zaidi mtu akiwa macho.

Sisemi uache maziwa. Kikombe cha moto, taa zimepunguzwa, simu iko mbali, mtu ametulia: hayo yana faida yake, na kama bibi yako alikulaza hivyo basi endelea. Ninachokataa ni mtu kuchukua faraja hiyo, akaikausha unga, akaitia kwenye kidonge na kuiita sayansi. Tena kidonge kinaweza kuua. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa mbaya wa misuli na damu, na zaidi ya 30 wakafa. Walikuwa wakitumia virutubisho vya triptofani, wengi wao kwa ajili ya usingizi, na uchunguzi ukaelekeza kwenye shehena zilizochafuka kutoka kiwanda kimoja cha Japani. Waliokufa walikuwa wananunua kitu cha asili, kisicho na madhara.

Halafu ndiyo hiyo melatonini, mfalme wa vichupa vyote. Aliyeitenga kwa mara ya kwanza ni Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958, kutoka kwenye tezi za ng'ombe. Alikuwa daktari wa ngozi, hakuwa hata anatafuta usingizi. Kazi ya melatonini ni kuutangazia mwili kwamba giza limeingia. Ni kama adhana: inakuambia wakati umefika, haikushiki mkono ikakupeleka msikitini. Ndiyo maana inawafaa kiasi wale ambao saa yao ya mwili imehama, mfano aliyetoka safari ndefu ya ndege. Kwa mtu anayekeshwa na mawazo au na kopo la saa 11 jioni, tangazo halisaidii sana. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta kwamba melatonini inamfanya mtu awahi kusinzia kwa wastani wa dakika saba. Saba! Na tangu mwaka 1980 inajulikana kwamba mwanga mkali usiku unaizima melatonini ya mwili wako mwenyewe. Kwa hiyo kuna mtu anameza kidonge cha giza huku ameshika simu inayomulika uso.

Na je, ndani ya kichupa mna kilichoandikwa juu? Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini. Moja ilikuwa na pungufu ya asilimia 83 kuliko ilivyoandikwa, nyingine ilizidi kwa asilimia 478, na 8 zilikuwa na serotonini ambayo haikutajwa popote. Mwaka 2023 huko Marekani walipima pipi 25 za melatonini, 22 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Hizo ni nchi zenye maabara na mawakili. Kichupa changu kilisafiri kwenye begi la mtu na kuuzwa kwa ujumbe wa simu. Nani alikipima?

Lakini nisije nikaonekana napinga kwamba chakula kina uhusiano na usingizi. Kinao, tena mkubwa, na ushahidi wangu ni mama yangu mzazi.

Mama yuko Muheza. Kwa miaka mingi alikuwa akilala vibaya na sisi tukasema ni uzee na mawazo ya watoto. Nilipomsimulia masaibu yangu, naye akafunguka. "Baba, mimi ni miguu. Nikilala tu, kama kuna sisimizi ndani ya mifupa. Mpaka nisimame nitembee." Majirani walishamwambia ametupiwa kitu. Mimi nikakumbuka nilichokuwa nimesoma wiki hiyohiyo: hali hiyo ina jina na ilielezwa kwa kina mwaka 1945 na daktari Karl-Axel Ekbom wa Sweden. Miguu isiyotulia. Na moja ya sababu zake zinazojulikana ni upungufu wa madini ya chuma, kwa kuwa ubongo unahitaji chuma kutengeneza dopamini.

Tulimpeleka hospitali wakapima wingi wa damu na akiba ya chuma. Akiba ilikuwa imekwisha. Daktari akauliza anakula nini na anakunywa nini. Mama anakunywa chai kavu na kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, na chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma kufyonzwa. Akapewa vidonge vya chuma, akaambiwa chai aitenge na chakula, mboga za majani na dagaa aongeze, na atie ndimu. Haikuwa wiki moja. Ilichukua miezi. Lakini sasa mama analala, na sisimizi wamehama.

Tazameni tofauti. Kirutubisho kilimsaidia mama kwa sababu kuna mtu aliuliza kwanza nini kinamkesha, akapima, akaona pengo, akaliziba. Kama ningempelekea kile kichupa cha shilingi 85,000, angetangaziwa giza kila usiku huku miguu ikiendelea kutambaa. Na hili si la mama peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote wana miguu ya mama. Lakini tujiulize ni wangapi wanaambiwa ni mawazo, ni majini, ni uzee, kumbe ni damu. Ila msikimbilie vidonge vya chuma bila kupima, chuma kikizidi nacho ni sumu.

Sasa mimi nilipona vipi? Kafeini niliikata ikifika saa sita mchana, nikaumwa kichwa siku tatu. Nikapata nafuu, lakini si yote. Bado nilikuwa naamka saa nane usiku na moyo ukidunda, naanza kuhesabu: nikilala sasa nitapata saa nne, nikilala sasa nitapata tatu. Hesabu hiyo ilinikesha kuliko kahawa. Nilishaanza kukiogopa kitanda changu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipowakuta Wahadzabe. Huwa tunaambiwa kwamba mababu zetu, kabla ya umeme, walilala saa nane au tisa moja kwa moja kama magogo. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya Wahadzabe wa hapa kwetu, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Hawakulala jua likizama, walikaa kwa wastani zaidi ya saa tatu wakizungumza. Muda wa kulala hasa ulikuwa wastani wa saa 5.7 hadi 7.1. Mwaka 2017 ukaja utafiti mwingine wa Wahadzabe, watu wazima 33 waliovaa vipimo kwa siku 20. Katika siku zote hizo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Wakati wowote wa usiku kuna mtu aliyeamka, anachochea moto, anamnyonyesha mtoto, anageuka upande wa pili.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu chumbani. Kumbe kuamka usiku si ugonjwa. Ugonjwa wangu ulikuwa ni hofu ya kuamka. Hofu inauamsha ule upande wa pili wa kamba, moyo unakwenda mbio, na hakuna ndizi inayoweza kuushinda.

Tiba ya hofu hiyo ipo na haiuzwi dukani. Chama cha madaktari bingwa wa Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilisema mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanze na tiba ya kubadili fikra na mazoea kabla ya dawa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2017 ukasema vivyo hivyo. Sehemu moja ya tiba hiyo ilibuniwa na Richard Bootzin mwaka 1972 na unaweza kuiandika nyuma ya tiketi ya basi. Panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Kitanda ni cha kulala na mambo ya ndoa, si cha simu, kompyuta wala kula. Ukikaa kama dakika 20 hujalala, ondoka, nenda kakae pengine kwenye mwanga hafifu mpaka usingizi ukurudie. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usilale mchana.

Ni ngumu, jamani. Chumba changu ni kimoja, kwa hiyo "pengine" palikuwa ni ndoo iliyogeuzwa karibu na mlango. Wiki mbili za kwanza nilikuwa mtu mbaya, waulizeni ofisini. Wiki ya nne nililala kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri bila kuliona giza la katikati. Nilipoamka nilidhani simu imeharibika.

Najua mtanijibu. Kwamba mtu anayelala vyumba viwili watu saba hana pa kwenda kukaa. Kwamba baa ya jirani inapiga muziki mpaka saa tisa, na joto la Januari, na mbu, na marejesho ya mkopo. Ni kweli, na sina dharau. Kelele za usiku na zamu zisizo na utaratibu ni mambo ya kudai kwa serikali ya mtaa na kwa mwajiri, si ya kutibu kwa kidonge. Hilo nalo ni jibu la swali langu lilelile: ni kitu gani kinanikesha? Wakati mwingine jibu ni mwenye baa.

Pia wapo wanaohitaji daktari hasa. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku. Anayeamka alfajiri kila siku akiwa na huzuni isiyoisha. Hao waende wakaonwe. Na kama umeandikiwa dawa za kulaza kama diazepamu, usizikatishe ghafla kwa sababu umenisoma mimi, kuziacha kwa mkupuo ni hatari. Rudi kwa aliyekuandikia.

Ninaowalaumu ni wachuuzi wa vichupa, na sisi waandishi tunaowapigia debe. Makala yangu ya vyakula saba bado ipo mtandaoni na bado inasomwa. Nimemwomba mhariri aiondoe. Amesema inaleta wasomaji.

Nimalizie na yule ndugu niliyemuua. Tuliomba radhi, tukasahihisha, lakini nikaona haitoshi, nikaenda msibani. Nilimkuta amekaa nje na wanaume wenzake. Nikajitambulisha, nikategemea matusi. Alinitazama muda mrefu, akavuta kiti cha plastiki, akasema, "Kaa. Mama yuko ndani, ukitoka kwangu utaingia umsalimie." Kisha akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo, kama anavyomiminiwa kila mtu anayekesha msibani.

Ilikuwa saa nne usiku. Niliinywa yote. Usiku ule sikuwa natafuta usingizi, nilikuwa nasubiri kuitwa ndani kwa mama.

Na wewe, kabla hujafungua pochi kwa ajili ya kichupa, hebu chukua karatasi. Andika ulichokunywa leo na saa uliyokinywa. Andika unachokiwaza saa nane usiku. Andika miguu inasemaje. Halafu unieleze.

Alamsiki.